Sistikola Yupi Huyo? Ulinganisho wa Ndege Wanaofanana Sura, Wasiofanana Wimbo

Fungua kitabu chochote cha ndege wa Afrika Mashariki, ufike kwenye kurasa za sistikola. Utakuta picha baada ya picha za ndege yule yule: mdogo, wa kahawia, utosi umeingia wekundu kidogo, mkia una madoa meusi na ncha nyeupe. Jenasi ya Cisticola ina spishi zipatazo 50, karibu zote za Afrika, na Kenya na Tanzania kila moja ina zaidi ya 20. Juu ya hayo, dume aghalabu ni mkubwa kuliko jike, spishi nyingine hubadili manyoya na urefu wa mkia kufuatana na majira, na makinda huwa na umanjano ambao wazazi wao hawana. Ukitegemea macho peke yake utashinda porini na daftari tupu.

Hubert Lynes, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipostaafu aliwafuata ndege hawa nchi baada ya nchi barani Afrika, na mwaka 1930 akachapisha mapitio makubwa ya jenasi nzima. Uainishaji wa leo bado umesimama juu ya kazi ile. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tunataka tu kujua nani anaimba pale juu ya kichaka, na kwa hilo nina ushauri utakaowaudhi wenye darubini za bei: iache shingoni kwanza.

Jiulize mambo matatu. Anaimba akiwa ametua au akiwa angani? Yuko peke yake au kuna mwenziwe anayempokea? Na chini yake kuna nini: migunga, matete, nyasi fupi, bustani ya watu? Majibu hayo yataiteremsha orodha ya ishirini hadi wawili watatu, na hapo ndipo wimbo unapoamua.

Kwenye migunga, kwenye matete

Kwa ufupi nitawaita kwa neno la pili la jina lao la kisayansi. Anza na chiniana, yaani Cisticola chiniana, maana huyu ndiye utakayekutana naye mara nyingi kuliko wote. Nyika yoyote yenye migunga na vichaka, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, ni kwake. Dume hukaa kwenye kijiti cha juu kabisa, wazi, bila kujificha, na ukimkaribia atakukaripia mpaka uondoke. Akiimba utosi humsimama, na ukiwa karibu vya kutosha utaona ndani ya mdomo wake ni mweusi tititi. Wimbo wake una sehemu mbili. Kwanza sauti mbili, tatu au nne za ukali zinazofanana, kisha mkereketo mfupi: *che-che-che-trrrrr*. Mkereketo huo huja kwa kimo tofauti na zile za mwanzo, ama juu zaidi ama chini, ndiyo maana sikio huukamata kama jibu.

Wa kumweka kando yake ni marginatus. Huyu ni wa maji: kingo za ziwa, mafunjo, matete, mitaro ya mashamba ya mpunga. Mgongo wake una michirizi myeusi mikali kuliko ya chiniana na ubawa una eneo la wekundu wa kutu, lakini akiwa na jua nyuma yake hayo yote hupotea. Wimbo haupotei. Marginatus hana utangulizi. Huingia moja kwa moja kwenye mkwaruzo mkavu, mrefu, usiopanda wala kushuka: *rrrrrrrrrrr*. Wakati mwingine huongeza miluzi miwili mitatu mwishoni, na miluzi hiyo ndiyo inayowapoteza wanaojifunza, kwa sababu wanasikia wimbo wenye sehemu mbili na kuandika chiniana. Angalia mpangilio. Kwa chiniana sauti zilizoachana hutangulia na mkereketo hufuata. Kwa marginatus mkwaruzo ndio unaotangulia.

Mahali pazuri pa kujipima ni kando ya Ziwa Naivasha, ambako migunga inashuka hadi karibu na mafunjo. Simama kwenye mpaka wa hivyo viwili asubuhi ya mapema baada ya mvua, uwe na chiniana nyuma yako na marginatus mbele yako, wote wakiimba kwa zamu. Nusu saa ya hapo inafundisha kuliko wiki ya kitabu.

Walioko Pwani wana hesabu nyingine. Kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania anaishi haematocephalus, ambaye kwa muda mrefu alihesabiwa pamoja na marginatus na mgongo wake una michirizi iliyofifia. Kwa huyu mahali panakusaidia kabla ya wimbo: ukiwa kwenye mashamba ya mpunga ya Pwani na sistikola anakwaruza kwenye nyasi ndefu, jina lake ndilo la kufikiria kwanza.

Upande wa magharibi chiniana ana mpinzani mwingine, woosnami, wa misitu myepesi kuanzia Uganda na magharibi mwa Kenya kupita Rwanda na Burundi hadi miombo ya magharibi mwa Tanzania. Huyu mgongo wake hauna michirizi, na wimbo wake hauna hata chembe ya utangulizi: ni mtetemo mmoja unaoanza kwa sauti ndogo, ukakua, ukakua, ukakatika ukiwa juu kabisa. Marginatus haukuzi mkwaruzo wake namna hiyo, na wala humpati kwenye miombo mikavu. Ukisikia mtetemo unaovimba ukiwa umesimama chini ya miti, huna haja ya kuuliza zaidi.

Brachypterus nitampitia haraka. Ni mdogo, hana alama yoyote ya maana, hupenda kukaa kwenye tawi kavu la juu kwa muda mrefu akitoa mlio mwembamba, *si-si-si*, ambao wenye umri mkubwa masikioni hawausikii kabisa. Udhaifu wa wimbo wake ndio utambulisho wake.

Wanaoimba angani

Hawa ni wadogo zaidi, mikia mifupi, na wakitua ndani ya nyasi wamekwisha: huwaoni tena. Ukiwa na kitabu mkononi ukamwona mmoja ametua kwenye bua, usijisumbue na michirizi ya kichwa. Ngoja aruke. Mbuga ya Taifa ya Nairobi na nyanda za Athi zina zaidi ya mmoja wa hawa ndani ya eneo moja la nyasi, na ni mruko unaowatenga.

| | Mahali | Mruko | Sauti |
|---|---|---|---|
| juncidis | nyasi ndefu kiasi, zenye unyevu, kingo za mashamba | juu, kwa mawimbi, akipanda na kushuka | *zit… zit… zit*, mojamoja, ikiachana kama sekunde moja |
| aridulus | nyasi fupi, kavu | chini, karibu na nyasi, akikatakata kona | *ting-ting-ting* ya haraka, pamoja na mpasuko wa mabawa |
| brunnescens | nyanda za nyasi za bara, zilizoinuka | juu sana, akizunguka, kisha anapiga mbizi | milio myembamba ya haraka, laini |
| ayresii | nyasi fupi za nyanda za juu | juu sana, mbizi ya kupindapinda | miluzi myembamba, kisha mabawa yanapasuka kwa nguvu anaposhuka |

Juncidis ndiye rahisi kati ya wanne, tena ndiye aliyesafiri kuliko wote: ukimjua Nairobi utamjua Uhispania, India na hata kaskazini mwa Australia. Kila anapofika kileleni mwa wimbi hutoa *zit* moja, na ukihesabu kimoyomoyo utaona mwendo wake haubadiliki. Mabawa yake hayapasuki. Akikunjua mkia juu yako utaona ncha nyeupe zilizopangana kwa duara.

Ugumu halisi uko kati ya juncidis na aridulus, maana wote hukaa tambarare na kwenye mbuga moja wanaweza kuwa majirani. Hapa naangalia kasi kwanza, kimo baadaye. Sauti za aridulus zinafuatana haraka, zina mlio wa chuma chuma, na mwenyewe hupenda kuruka chini, akikata kulia na kushoto juu ya majani. Tena aridulus huimba hata akiwa ametua kwenye bua. Ukisikia *tak-tak* isiyotoka kooni, hayo ni mabawa, na juncidis umemfuta kwenye orodha.

Brunnescens na ayresii ni jambo la shingo. Wote wawili hupanda mpaka wakawa nukta, na utawasikia kabla hujawaona. Kinachowatenga ni mwisho wa mruko. Ayresii anaposhuka mabawa yake hupasuka mfululizo, kwa sauti ambayo huwezi kuidhania kuwa imetoka kwa ndege wa kiasi kile. Kama mbizi imeisha na hukusikia mpasuko wa namna hiyo, subiri aruke mara ya pili kabla ya kuandika chochote. Upepo wa nyanda za juu hula sauti nyingi.

Wanaoimba wawili wawili

Kuna kundi la nyanda za juu ambalo halina mwimbaji wa pekee. Dume na jike, mara nyingine na wa tatu, hukaa karibu karibu juu ya kichaka kimoja na kuimba kwa kupokezana, haraka kiasi kwamba asiyejua hudhani ni ndege mmoja. Ukisikia wimbo wa namna hii pembezoni mwa msitu wa milimani, umeshaondoa karibu sistikola wote. Wamebaki watatu, na ramani inafanya nusu ya kazi.

Hunteri ni wa milima ya Kenya, Mlima Elgon na kaskazini mwa Tanzania. Utampata Limuru, Aberdare, Mlima Kenya, Kilimanjaro, na ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro ambako huwapigia kelele watalii wanaopiga picha. Chubbi ni wa magharibi: Kakamega, Kitale, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Nigriloris ni wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kuvuka hadi Malawi na Zambia.

Wanapokutana ni hunteri na chubbi peke yao, huko Elgon, na hata hapo hunteri hushika sehemu za juu zaidi. Wimbo wa chubbi ni safi. Kuna kifungu kimoja cha silabi tatu au nne, chenye nguvu, kinachorudiwa vilevile mara nyingi mfululizo, unaweza hata kukifuata kwa mluzi. Wimbo wa hunteri umechanganyika zaidi: mmoja anashikilia mitetemo myembamba huku mwingine akitupa miluzi juu yake, na wote huanza ghafla na kukoma ghafla. Wakitulia ukawaona, chubbi ana utosi mwekundu usio na doa na mgongo mtupu. Hunteri ni mweusimweusi, wa kijivu tumboni. Hata hivyo mara nyingi wimbo umeshamaliza shauri kabla hawajatulia.

Nigriloris nampenda kuliko wote kwa sababu wimbo wake ni mbaya. Ni bawaba za mlango zisizotiwa mafuta, mbili kwa pamoja, zikifunguliwa na kufungwa alfajiri yenye ukungu. Huwezi kumchanganya na yeyote. Aliyelala kwenye nyumba ya wageni huko Njombe au Rungwe na akaamshwa na kitu kinacholia hivyo nje ya dirisha ameshamsikia, hata kama hakujua. Njombe kwenyewe kumempa jina sistikola mwingine, Cisticola njombe, aliyeelezwa na Lynes yule yule mwaka 1933. Huyo haimbi kwa kupokezana, hukereketa peke yake.

Wawili wa vichakani

Cantans na erythrops wanafaa kulinganishwa kwa ufupi kwa sababu wote wana migongo isiyo na michirizi, wote hupenda vichaka vizito, na wote ni wepesi wa kujificha. Cantans ana wekundu wa kutu ubawani. Erythrops hana, ila uso wake una wekundu. Cantans huimba vifungu vifupi vya silabi mbili tatu, kwa nguvu, akipumzika katikati, na utamsikia hata kwenye bustani za Arusha na Moshi. Erythrops hukaa karibu na maji, na wimbo wake ni ngazi: huanza taratibu, kila kifungu kikizidi kilichotangulia, hadi mwisho ni kelele tupu. Ukijikuta umegeuka kwa sababu sauti imekuwa kubwa mno, ni erythrops.

Natalensis na robustus ni wakubwa, vifua vipana, midomo minene, na ukubwa huo unatosha kuwatenga na wengine. Kati yao, natalensis ana sauti nzito ya kukoroma, mara nyingi akiwa anapiga mabawa juu ya nyasi. Robustus ana kisogo chekundu na mtetemo mwepesi zaidi.

Pale hata wataalamu walipochelewa

Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, lilikuwa na sistikola wawili waliojulikana kwa wapenda ndege tangu miaka ya 1980 lakini hawakuwa na majina rasmi. Waliandikwa kwenye vitabu vya kutambulia ndege kama wageni wasio na cheti. Maelezo yao rasmi yalitoka mwaka 2021: Cisticola anderseni na Cisticola bakerorum, jina hili la pili likiwaenzi Neil na Liz Baker walioanzisha Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Kwa ndege wanaoishi kwenye matete ya bonde ambalo kila mwaka linalimwa mpunga zaidi na kulishwa ng'ombe zaidi, miaka ile yote bila jina haikuwa jambo dogo. Kisichokuwa na jina hakiingii kwenye orodha ya kulindwa.

Kinyume chake ni restrictus wa Mto Tana. Huyu alipewa jina mwaka 1967 kutokana na ngozi zilizohifadhiwa makumbusho, na tangu hapo hakuna anayeweza kukupeleka umwone. Wengi wanashuku kwamba zile ngozi ni za machotara. Ngozi haiimbi, na kwa sistikola hilo ni pengo kubwa.

Simu mfukoni

Rekodi kwanza, bishana baadaye. Simu ya kawaida inatosha ukikaribia hadi hatua kumi, ukiipa mgongo upepo, ukanyamaza. Rekodi wimbo mzima mara kadhaa, si kipande, kwa sababu kama tulivyoona ni mwanzo au mwisho wa wimbo unaoamua. Ukifika nyumbani linganisha na rekodi za xeno-canto, maktaba huria ya sauti za ndege iliyoanzishwa mwaka 2005. Tafuta kwa jina la kisayansi na uchague nchi yako: chiniana wa Afrika Kusini si lazima aimbe kama wa Dodoma. Sikiliza rekodi tano sita za spishi moja kabla ya kuhamia nyingine, maana ndege wa kilima hiki na wa kilima kile nao hutofautiana.

Programu zinazotambua sauti, kama Merlin, zinasaidia, ila kwa sistikola nazichukulia kama shahidi mmoja tu. Na usimpigie ndege rekodi ya wimbo wake mara kwa mara ili ajitokeze. Anajitokeza kwa sababu anaona amevamiwa, na kila dakika anayokushughulikia wewe hayuko kwenye kiota.

Wasiopenda kujifunza peke yao wanaweza kujiunga na matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Yamekuwepo tangu mwaka 1971, na mara nyingi kuna mtu pale anayemjua ndege kabla hajafunga mlango wa gari.

Waigizaji

Kuna wimbo usioweza kuuamini. Bustani nyingi za Nairobi zina Cossypha semirufa, ambaye si sistikola bali ni ndege wa rangi ya chungwa kifuani na mstari mweupe juu ya jicho, na jirani yake Cossypha heuglini anafanana naye karibu kila kitu. Wanaowatenga kwa macho hutazama manyoya ya kati ya mkia, meusi kwa semirufa, ya kahawia kwa heuglini. Uwe na subira basi. Kwa sikio ni rahisi zaidi. Heuglini huchukua kifungu kimoja na kukirudia, kikikua kutoka mnong'ono hadi ukelele, alfajiri na magharibi. Semirufa huiga. Ataimba kama tai, kama kware, kama mlinzi wa jirani anayepiga mluzi, yote ndani ya dakika moja. Ukisikia ndege watano kutoka kwenye kichaka kimoja, huenda ni yeye.

Mwigizaji mwingine hupita tu. Acrocephalus palustris huzaliana Ulaya, na Novemba na Desemba hupita kwa wingi Tsavo Magharibi, ambako pale Ngulia ndege wanaohama wamekuwa wakivishwa pete tangu mwaka 1969. Ukimshika mkononi unaweza kubishana saa nzima kama ni yeye au ni binamu yake A. scirpaceus. Akiimba kwao Ulaya ubishi unaisha. Utafiti wa Françoise Dowsett-Lemaire uliochapishwa mwaka 1979 ulikuta dume mmoja huiga kwa wastani spishi 76, na zaidi ya nusu yake ni ndege wa Afrika. Scirpaceus hukwaruza taratibu kwa mwendo mmoja, mara nyingi akirudia kila sauti mara mbili tatu, na kuiga kwake ni kwa nadra.

Wakinyamaza

Haya yote ni ya msimu wa mvua na wiki zinazofuata, madume wanapogombea maeneo. Nyasi zikikauka wengi hunyamaza, na mlio wa hofu wanaoutoa ukiwakurupusha hufanana kwa spishi nyingi. Wakati huo kinachobaki ni mahali, na mahali peke yake hakutoshi kwa jina kamili. Kwenye eBird, tovuti ya kuandikia ndege uliowaona, kuna nafasi ya kuandika sistikola bila spishi. Itumie. Weka tarehe, aina ya nyasi au miti, na urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, kisha rudi hapo hapo mvua zikianza.